Ilipoishia Namba

Chukua maandishi haya: nafasi mbili, tarakimu 4, tarakimu 2, kisha alama ya mstari mpya. Binadamu akiyatazama ataona arobaini na mbili, basi. Kompyuta inaona herufi tano, na tatu kati ya hizo si tarakimu. Aliyeandika programu ya kupokea umri wa mgonjwa, bei ya gunia la mahindi au salio la akaunti hawezi kujumlisha herufi. Lazima kwanza zigeuzwe kuwa namba, na kazi hiyo hufanywa na maktaba ya lugha anayoitumia. Ndani ya maktaba hiyo mna mistari michache ya msimbo ambayo iliamua, pengine tangu kabla yeye hajazaliwa, zile nafasi mbili zina maana gani.

Maamuzi hayo hayafanani. Ukiipa Python maandishi hayo kupitia int, itakurudishia 42 bila neno. Ukiipa Go, itakataa. Rust nayo itakataa. Java itafanya yote mawili: Integer.parseInt inakataa nafasi hata moja, ilhali Double.parseDouble, iliyomo katika maktaba hiyohiyo, inazipangusa pande zote mbili na kuendelea na kazi. Wengi hukutana na tofauti hizi usiku, mfumo ukiwa umekwama, wakaziona ni kero. Mimi naziona kuwa miongoni mwa kazi za mikono zilizofikiriwa kwa kina kuliko zote katika uandishi wa programu, na zinastahili kutazamwa polepole.

Nafasi zenyewe huja kwa njia nyingi. Kibodi ya simu huongeza nafasi baada ya neno ililopendekeza. Faili iliyotengenezwa kwenye Windows humaliza kila mstari kwa herufi mbili badala ya moja, na ile ya ziada hubaki imeng'ang'ania tarakimu ya mwisho. Ripoti iliyopangwa ili safu zake zinyooke hujazwa nafasi kushoto kwa kila namba. Hakuna aliyekosea hapo, na ndiyo maana swali la kupokea au kukataa ni gumu.

Kabla ya kibodi na skrini kulikuwa na kadi. John Backus na wenzake wa IBM walipotoa FORTRAN mwaka 1957, data iliingia kwenye mashine kwa kadi za karatasi ngumu zenye safu wima 80, kila herufi ikiwa ni matundu katika safu yake. Namba haikutafutwa ilipoanzia wala ilipoishia. Programu ilitamka tu kwamba safu ya 1 hadi ya 5 ni namba, na chochote kilichokuwa humo kikasomwa hivyo. Nafasi zilizotangulia hazikuhesabiwa, lakini katika kiwango cha FORTRAN cha mwaka 1966 zile zilizobaki katikati au mwishoni zilisomwa kuwa sifuri. Mtoboa kadi aliyepewa safu tano, akaanza kuandika 42 kwenye safu ya kwanza badala ya kuisukuma hadi ukingo wa kulia, alikuwa ameandika elfu arobaini na mbili. Kwa ulimwengu wa kadi uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu thamani ya tarakimu ilitokana na mahali ilipokaa. FORTRAN 77 ikaja na maelekezo mawili, BN na BZ, ili mwandishi aseme mwenyewe: nafasi zipuuzwe, au zihesabiwe kuwa sifuri. Nayapenda maelekezo hayo mawili. Waliokuwa wakitengeneza lugha waliona kwamba jambo walilolidhani ni la maumbile lilikuwa ni hiari, wakaiweka hiari hiyo mikononi mwa mtumiaji.

Lakini kazi iliyonivuta macho ni ya lugha ya C.

Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu lugha hiyo, walitumia funksheni ndogo iitwayo atoi kama mfano wa kufundishia. Inaruka nafasi, tabu na mistari mipya iliyotangulia. Inasoma alama ya kujumlisha au ya kutoa ikiwapo. Inasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Na inapogonga kisicho tarakimu inasimama na kurudisha ilichokusanya. Katika toleo la pili, la mwaka 1988, kazi ya kutambua nafasi ilikabidhiwa funksheni nyingine, isspace, ambayo kwa kawaida hutambua herufi sita: nafasi yenyewe, tabu, mstari mpya, tabu ya wima, ukurasa mpya, na ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Mbili au tatu kati ya hizo ni urithi wa mashine za kuchapa, nazo zimo mpaka leo katika simu iliyo mfukoni mwako.

Udhaifu wa atoi ni kwamba haina njia ya kusema imeshindwa. Ukiipa neno "mia" itarudisha sifuri, na ukiipa "0" itarudisha sifuri, na wewe uliyeiita huna pa kutofautisha. Jibu la tatizo hilo liliingia katika kiwango cha C cha mwaka 1989 kwa jina la strtol. Nayo inaruka nafasi za mwanzo, inasoma alama, inasoma tarakimu. Tofauti ni kwamba inapomaliza inarudisha vitu viwili: namba, na kielekezi kinachoonyesha herufi ya kwanza ambayo haikuisoma, kama mtoto wa chuoni anayeacha kijiti chake juu ya herufi aliyoishia ili mwalimu ajue.

Kielekezi hicho kimoja kinajibu maswali mengi kuliko kinavyoonekana. Kikiwa mwisho kabisa wa maandishi, basi yote yalikuwa namba. Kikiwa kimesimama katikati, unaweza kuangalia kilichofuata na kuamua mwenyewe: labda ni mkato unaotenganisha namba hii na inayofuata, labda ni "kg", labda ni nafasi tu na hutaki kugombana nayo. Na kikiwa bado mwanzoni, hapakuwa na namba yoyote. Funksheni haikujifanya kujua kwa nini unasoma. Ilisoma kilicho chake, ikakuachia kilicho chako.

Ndani ya hilo kuna jambo dogo ambalo kila nikilifikia huwa natulia. Tuseme maandishi ni nafasi tatu zikifuatwa na "abc". Ili kugundua kwamba hakuna tarakimu, strtol ilishazivuka zile nafasi tatu. Kielekezi kirudishwe wapi? Njia rahisi ni kukiacha pale kilipofika, mbele ya herufi "a". Kiwango kinasema hapana: kama hakuna namba iliyopatikana, kielekezi kirudi mwanzo kabisa, kabla ya nafasi, kana kwamba hakuna aliyegusa chochote. Vivyo hivyo kwa alama ya kutoa ikifuatwa na nafasi kisha 42: alama imeshasomwa, nafasi imezuia, hakuna namba, basi kila kitu kirudi kilipokuwa. Anayeita anabaki na maandishi yake kamili na anaweza kuyajaribu kwa njia nyingine. Katika utekelezaji wa BSD, jukumu hili limebebwa na kigeu kimoja kinachoitwa any. Kikiwa sifuri, hakuna tarakimu iliyoonekana. Kikiwa moja, zimeonekana na zimetosha. Kikiwa moja hasi, zimeonekana lakini namba ni kubwa kupita uwezo wa mashine. Karibu na mwisho wa funksheni, mstari mmoja hukiuliza kigeu hicho kielekezi kikae wapi. Sijui namna fupi zaidi ya kuwa mwaminifu.

Uaminifu huo una ufa mmoja, na waliotumia funksheni hizi kwa mambo ya usalama wanaufahamu vizuri. Nafasi za mwisho huachiwa anayeita, ila za mwanzo humezwa kimyakimya. Sasa mchukue ndugu wa strtol aitwaye strtoul, anayesoma namba zisizo na alama. Kwa mshangao wa wengi, anaikubali alama ya kutoa na kuigeuza namba kuwa kubwa mno: 1 hasi hutoka ikiwa namba kubwa kuliko zote ambazo aina hiyo inaweza kubeba. Mwandishi mwangalifu huweka kinga, akakagua kama herufi ya kwanza ni alama ya kutoa. Halafu anakuja mtu na kuandika nafasi moja kabla ya hiyo alama. Herufi ya kwanza sasa ni nafasi, kinga inapita, strtoul inairuka nafasi kwa adabu yake yote, na namba hasi imeingia ndani. Tena isspace hufuata mipangilio ya lugha na nchi ya mashine, kwa hiyo katika baadhi ya mifumo herufi inayohesabika kuwa nafasi hapa inaweza isihesabike hivyo kule.

Upande wa pili wa ufa huo kuna kizazi cha funksheni zinazokataa. C++ ya mwaka 2017 ilileta std::from_chars, na maelezo yake yanasomeka kama orodha ya mambo ambayo haifanyi: hairuki nafasi, haikubali alama ya kujumlisha, haiangalii mipangilio ya nchi, haiombi kumbukumbu ya ziada, hairushi kosa juu ya kichwa chako. Ikishindwa, kigeu ulichotaka kijazwe hubaki na thamani yake ya awali bila kuguswa. Lakini kielekezi cha mahali iliposimama kimebaki. Walifuta karibu kila tabia ya strtol, ile iliyo bora wakaibakiza. Ukali huo pia huleta kasi, kwani funksheni isiyo na maswali ya pembeni inaweza kunolewa. Mwaka 2021 Daniel Lemire alichapisha makala kuhusu kusoma namba zenye desimali kwa kasi ya gigabaiti moja kwa sekunde, na maktaba yake, fast_float, ilichukuliwa na kompaila ya GCC kuanzia toleo la 12 kwa kazi hiyohiyo ya from_chars.

Rust ilichagua njia ya kulifanya tendo la kupangusa nafasi lionekane. Anayejifunza lugha hiyo kwa kitabu chake rasmi hukutana na jambo hili katika sura ya pili, kwenye mchezo wa kubahatisha namba. Mstari uliosomwa kutoka kwenye kibodi umebeba alama ya mstari mpya mwishoni, na bila kuita trim kwanza, parse itakataa. Hivyo mwanafunzi anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba nafasi zitupwe, na yeyote atakayeusoma msimbo huo baadaye ataliona neno hilo limekaa pale.

Go ilikataa pia, lakini sifa yake iko kwenye namna inavyokataa. Ujumbe wa kosa wa strconv.Atoi huyaweka maandishi yaliyokataliwa ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi, kwa hiyo nafasi iliyojificha kabla ya 42 inaonekana wazi imekaa kati ya alama na tarakimu. Na si hivyo tu. Maandishi hayo hupitishwa kwenye funksheni inayoichukulia nafasi ya kawaida peke yake kuwa ndiyo inayoweza kuchapwa ilivyo. Nafasi za aina nyingine zote hutolewa kwa alama maalumu au kwa namba zao, kwa mfano \u00a0. Mtu aliyetumia saa nzima akitazama maandishi mawili yanayofanana kabisa, moja likikubaliwa na jingine likikataliwa, atajua thamani ya herufi hizo sita.

Maana \u00a0 ndiyo nafasi isiyokatika, ile inayozuia mstari usivunjike kati ya maneno mawili. Imejaa kwenye kurasa za wavuti. Mhasibu akinakili jedwali kutoka kwenye ukurasa na kulibandika kwenye lahajedwali, namba zake zinaweza kukataa kujumlishwa, na funksheni ya TRIM ya Excel haitamsaidia, kwani hiyo huondoa nafasi ya kawaida tu. Python ingemsaidia: int huzigeuza kwanza nafasi zote za Unicode kuwa nafasi za kawaida, na kwa ukarimu huohuo hukubali tarakimu za Kiarabu zinazoandikwa Oman na kwingine katika Ghuba.

Ukarimu una mahali pake na mahali usipotakiwa. Katika itifaki ya HTTP, kichwa kiitwacho Content-Length hueleza mwili wa ujumbe una baiti ngapi, na kanuni zinaruhusu tarakimu tupu. Ikiwa seva ya mbele na ya nyuma zinaisoma namba hiyo kwa namna mbili tofauti, mhalifu anaweza kupenyeza ombi moja ndani ya jingine. Shambulio hilo lilielezwa hadharani mwaka 2005 na halijaisha. Kwa kuwa int ya Python hukubali nafasi, alama ya kujumlisha, na tangu toleo la 3.6 hata mstari wa chini kati ya tarakimu, seva kadhaa zilizoandikwa kwa lugha hiyo ilibidi zirekebishwe ili zikague tarakimu zenyewe kabla ya kuita int. Hapo msimamo wangu ni mmoja: mashine inapozungumza na mashine, nafasi isiyoruhusiwa ni kosa na iitwe kosa. Upole uwekwe karibu na mtu anayeandika kwa kidole chake.

JavaScript iliuweka upole pasipostahili. Number ikipewa maandishi matupu, au yenye nafasi peke yake, inarudisha sifuri. Kisanduku cha fomu kilichoachwa wazi kinageuka kuwa jibu. Hilo silisifu. PHP ilikuwa na kasoro ndogo zaidi lakini ya ajabu: kwa miaka mingi " 42" ilihesabiwa kuwa namba na "42 " haikuhesabiwa, ule upendeleo wa nafasi za mwanzo ambao tumeuona katika C. Ilirekebishwa katika PHP 8.0, Novemba 2020, baada ya mapendekezo yaliyoandikwa na kujadiliwa na kupigiwa kura, yote hayo kwa ajili ya nafasi moja upande wa kulia.

Kuna nafasi nyingine ambayo haiko kabla wala baada. Iko ndani ya namba. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikubali mwaka 1948, ukarudia mwaka 2003, kwamba tarakimu zinaweza kugawanywa katika makundi ya tatu kwa nafasi, bila nukta wala mkato. Wafaransa huandika hivyo, na nyaraka za Kongo zinazofuata desturi ya Kifaransa huandika 1 500 000 pale ambapo Dar es Salaam au Nairobi ingeandika 1,500,000. Nafasi hiyo si ya kawaida. Inatakiwa isikatike, na kwa uzuri wa uchapaji inatakiwa iwe nyembamba. CLDR, hazina ya Unicode inayohifadhi desturi za uandishi za kila lugha, ilihamia kwenye nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F, kwa Kifaransa mwaka 2018.

Mchapaji alifurahi. Tatizo ni kwamba hakuna kitufe cha nafasi hiyo kwenye kibodi ya mtu wa kawaida. Katika Java, NumberFormat iliyowekwa Kifaransa ikipewa 1 000 iliyoandikwa kwa nafasi ya kawaida inasoma tarakimu ya kwanza, inakutana na herufi isiyoitambua, inasimama, na inarudisha 1. Elfu imekuwa moja, na hakuna kosa lililopigiwa kelele. Anayetaka kujua huita namna ya pili ya funksheni hiyo, inayopokea kitu kiitwacho ParsePosition, na baada ya kusoma anakagua kusoma kuliishia wapi. Ni kielekezi cha strtol kilekile, kimevaa nguo za Java.

Waandishi wa .NET walilitatua upande wa mtu. Katika msimbo wao wa kusoma namba kuna funksheni fupi inayouliza kama kitenganishi cha nchi husika ni U+00A0 au U+202F. Kama ndivyo, nafasi ya kawaida iliyoandikwa na mtumiaji hukubaliwa mahali pake. Maoni yaliyoandikwa kando yake yanaeleza kwamba ni kwa ajili ya Kifaransa na Kikazaki, kwa sababu mtumiaji hawezi kuiandika nafasi ile kwa kibodi yake. Mtu fulani, akiwa ndani kabisa ya msimbo unaoitwa mara zisizohesabika kwa siku, alimfikiria karani anayebonyeza kitufe kirefu cha chini ya kibodi yake.

Na orodha ya nafasi zenyewe haijatulia. Maandishi ya jadi ya Kimongolia yana alama, U+180E, inayotenganisha irabu ya mwisho na konsonanti iliyotangulia. Unicode iliihesabu kuwa nafasi hadi toleo la 6.3 la mwaka 2013, ilipoihamishia kwenye kundi la alama za mpangilio zisizoonekana. JavaScript, ambayo tafsiri yake ya nafasi hufuata Unicode, ikalazimika kubadilika, na tangu kiwango chake cha mwaka 2016 namba iliyotanguliwa na alama hiyo haisomeki tena. Katika test262, mkusanyo wa majaribio ambao kila injini ya JavaScript hupimwa nao, kuna faili maalumu kwa herufi hiyo moja upande wa parseInt na nyingine upande wa parseFloat. Zinaiweka mbele ya tarakimu na kudai kwamba jibu liwe si namba.